Kugandisha maiti ili mtu afufuliwe baadaye: haki yake au wazimu wa pesa?

Mwana wa Jinja: Shemeji yangu aliyeko Marekani ametangaza kwenye kikundi cha ukoo kwamba akifa asirudishwe nyumbani. Anataka mwili ugandishwe na Alcor, shirika la kuhifadhi maiti kule Arizona, mpaka ipatikane dawa ya kilichomuua. Wazee wamechafukwa. Mimi nasema mwili wake, pesa yake. Nyinyi je?

Hajati wa Arua: Maiti huoshwa, huvishwa sanda, huzikwa upesi. Roho ikishatoka mnahifadhi nini, nyama ya friji?

Daktari wa Ng'ombe: Hajati, friji gani? Ni naitrojeni, gesi iliyopozwa ikawa majimaji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtungi wake naubeba kwenye bodaboda hapa Mbarara. Mbegu za fahali zinakaa humo miaka na ndama anazaliwa mzima.

Kaka Masaka: Mbegu ni tone, ndugu. Hata panya mzima hajawahi kutolewa kwenye baridi hiyo akatembea. Halafu umeme ukikatika kama kwetu, mtafufua supu!

Daktari wa Ng'ombe: Mtungi hautumii umeme, wewe. Naitrojeni ikipungua unaongeza, basi. Usipoongeza mbegu zinakufa, na ukiziangalia kwa macho huoni tofauti yoyote. Hapo ndipo penye kazi. California miaka ya sabini hela za ndugu ziliisha, maiti zikaozea kwenye chumba cha chini makaburini.

Mwana wa Jinja: Lakini yule mtu wao wa kwanza, Profesa Bedford, aligandishwa 1967 na bado yupo.

Hajati wa Arua: Yupo wapi? Amekufa!

Nnaalongo: Mimi naulizia kibanja, shamba la marehemu. Tumeshafanya lumbe, ile sherehe ya kumaliza msiba, mrithi amesimikwa, halafu huyu anabisha hodi baada ya miaka mia. Nani anahama?

Opio wa Lira: Waganda bwana, kila kitu lumbe. Mnachangisha mpaka majirani waliohamia juzi, kumbe ni karamu tu.

Nnaalongo: Opio, dharau hiyo peleka kwenu. Lumbe ndipo mrithi anapovishwa lubugo, nguo ya gome la mti, na kupewa mkuki, madeni ya marehemu yanatajwa mbele ya watu, na watoto wa nje wanajulikana. Nyinyi mnaweka maiti siku ngapi mkisubiri ng'ombe?

Opio wa Lira: Watoto wa nje! Ndiyo maana hamtaki marehemu arudi, atawaulizeni wengine wametoka wapi.

Kaka Masaka: 😂😂 Opio umeua.

Daktari wa Ng'ombe: Jamani, mada. Mwili mzima pale ni zaidi ya dola 200,000. Kichwa peke yake 80,000.

Hajati wa Arua: Kichwa peke yake? Astaghfirullah. Akiamka atatawadha na nini?

Mwana wa Jinja: Shemeji anasema hatoi taslimu, bima ya maisha ndiyo italipa.

Nnaalongo: Bima ya maisha! Mwanangu, amka. Kwenye karatasi hiyo hao wagandishaji ndio wanaandikwa kupokea, siyo mjane. Mpigie dada yako simu usiku huu, asome jina lililoandikwa pale kabla hamjajadili ufufuo.

Mwana wa Jinja: Hiyo sikuifikiria. Nampigia.

Opio wa Lira: Nnaalongo, sijamaliza na wewe. Siku mbili tu, na ng'ombe ni wetu wenyewe, hatuchangishi.