Mjadala: Waandishi wetu na mapenzi yao ya majini na uchawi. Waachwe au wazuiwe?

Mtoa mada (Unguja Mjini)

Assalaam aleikum wanabaraza. Jambo hili lilizuka juzi baada ya sala ya Isha na halikumalizika, ndiyo maana nalileta hapa. Kijana mmoja wa hapa mjini anayeandika riwaya aliulizwa kwa nini kila kitabu chake lazima kiwe na kaburi, jini au mwanga. Akajibu kwamba mambo ya mchana kila mtu anayaona, yeye anayataka yale ambayo watu huyasemea pembeni. Mzee mmoja akamjia juu: nyinyi ndio mnaowapa wageni sababu ya kutuita visiwa vya wachawi, na watoto wetu mnawatia khofu bure. Tangu hapo watu wamegawika. Wapo wanaotaka vitabu vya namna hiyo visiingie kabisa kwenye maktaba za skuli.

Mimi nasema mwandishi aachwe, na ushahidi wangu ni wa nyumbani. Mohamed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alianza na *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyotoka 1960 baada ya kushinda mashindano ya uandishi wa hadithi. Maiti inaonekana mzimuni, pahala pa kutambikia, na watu wana jibu lao tayari: wenye mzimu wameghadhibika. Anakuja mpelelezi, Bwana Msa, na kiko chake, anauliza maswali ambayo hakuna aliyetaka kuyauliza, na mwisho mkono uliouwa unakuwa wa binadamu. Mwaka 1968 akarudi na *Kisima cha Giningi*. Akalichukua jina lile lile ambalo bibi zetu walitutishia nalo, pahala wanga wanapokutania usiku. Huyu bwana hakuikimbia Giningi. Aliingia, akatoka na jina la muuaji.

Riwaya yetu ya upelelezi imezaliwa mzimuni. Leo mnataka kumwambia kijana asikanyage huko?

Ustadhi (Mkoani)

Wa aleikum salaam. Ndugu yangu, umechagua mfano unaokufaa. Kwanza tuelewane: mimi siwezi kukaa hapa nikasema majini hawapo. Ipo sura nzima, Suratul Jinn, na sihiri imetajwa katika Al-Baqara aya ya 102, kisa cha Haruta na Maruta. Kwa hiyo mzozo wangu na waandishi hauhusu kama vitu hivi vipo au havipo. Aya ile ile inasema kwamba watu wale walijifunza yanayowadhuru wala hayawafai.

Sasa tazama simulizi za siku hizi, khasa hizi zinazouzwa kipande kipande kwenye magrupu ya simu. Mganga ndiye shujaa. Ubani unafukizwa, kuku mweusi anachinjwa, jini anatoka, mgonjwa anainuka, mwisho. Huyo aliyeandika ni mpigadebe wa mganga. Mtoto wa skuli akimaliza kusoma atakuwa amejifunza nini isipokuwa njia ya kwenda kwa mganga?

Bwana Msa mimi simsemi. Nasema kwamba kwa kila Bwana Msa mmoja wapo wapigadebe wengi, na nyinyi mnawakinga wote kwa jina lake.

Kijana anayetembeza wageni (Jambiani)

Mzee wa barazani ana haki yake. Mgeni akishamaliza kuuliza viungo na kasa, kinachofuata ni popobawa, lile jini linalosemwa huwavamia watu usiku majumbani. Ukimwambia watu waliumia, anacheka, anataka fulana yenye picha yake.

Mwalimu (Wete)

Yakhe, hilo la visiwa vya wachawi halikuletwa na riwaya ya Kiswahili. Mwingereza Evelyn Waugh, katika kitabu chake cha safari cha 1931, aliiandika Pemba kama chuo cha uchawi, ati watu wakitoka mpaka Maziwa Makuu kuja kusomea. Akaandika, akaondoka zake. Tukisusa kuandika wenyewe, hayo ndiyo yatakayosomwa.

Na giza si lazima liwe na pembe. Wanafunzi wangu nawapeleka Pujini, kwenye magofu ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa Pemba, ya karne ya 15. Wanasimuliwa jinsi alivyowalazimisha watu kubeba mawe kichwani huku wakijikokota kwa makalio, na kisima kilichotiwa ukuta ili wake zake wawili wasionane wakiteka maji. Fikirini kisima hicho. Mwanamke anamsikia mwenzake akitia ndoo upande wa pili na hajawahi kumwona uso. Jini hayumo hata mmoja, na usiku usingizi unakuruka.

Ila na wewe mtoa mada nina neno nawe. Unampenda Bwana Msa kwa sababu anafumbua. Darasani kwangu watoto hushika roho katika kurasa za mwanzo. Bwana Msa akianza kueleza nani alifanya nini na kwa nini, wananyoosha miguu. Wameshastarehe, na kinachotisha kimekwisha. Mimi naona riwaya kubwa ni ile isiyokupa starehe hiyo. Mtazame Said Ahmed Mohamed na *Babu Alipofufuka* ya 2001. Mkubwa mmoja, anaitwa K tu, ana gari na mali na cheo, anajiwa na babu yake aliyekufa. Hakuna mpelelezi wa kutueleza kwamba yule babu ni mtu kajifunika shuka. Babu kaja kweli, na kaja kumtaka mjukuu hesabu ya namna watu wake wanavyoishi. Ukimwondoa mfu yule, au ukimfanya ndoto ya malaria, kitabu hakipo. Kwa hiyo usituwekee sharti kwamba jini aruhusiwe kuingia riwayani akikubali kuvuliwa nguo mwishoni.

Muuguzi (Chake Chake)

Mimi si mtu wa fasihi, nitasema ninayoyaona kazini. Mtoto ana homa kali, mwili unamkakamaa, macho yanageuka. Ni degedege, na kinachotakiwa ni kumfikisha kituo cha afya haraka na kuitafuta sababu ya homa. Anayeitwa kwanza mara nyingi si sisi. Kijana ana kifafa, ana vidonge ambavyo akivimeza kila siku vinaweza kumtuliza, lakini nyumbani kuna aliyeshasema ni ruhani anataka kiti, yaani mtu wa kumpanda, kwa hiyo vidonge vinawekwa kabatini.

Nimezisoma simulizi za kwenye simu ya mdogo wangu. Katika hizo, daktari ana kazi moja: kutikisa kichwa na kusema "hatuoni kitu", ili familia ipate ruhusa ya kwenda kwa mganga. Sijakutana na hata moja ambayo daktari anaona kitu. Siombi kitabu kipigwe marufuku. Namuuliza mwandishi: huwezi kunitisha bila ya kumtoa daktari njiani?

Msomaji (Dar es Salaam)

Jamani wa Zenji mnakuza mambo. Hadithi ni hadithi. Mtu akitaka elimu ya afya si atasoma kipeperushi?

Muuguzi (Chake Chake)

Kaka yangu, kipeperushi nawapa, kinafungiwa karanga. Simulizi inasomwa mpaka saa nane za usiku.

Mama (Micheweni)

Nimenyamaza kwa muda. Naona popobawa anatajwa hapa kwa fulana na kicheko. Mwaka 1995 mimi nilikuwa mtu mzima na watoto wangu. Yalianza huku kwetu Pemba, mwezi wa Ramadhani ukatukuta nayo, kisha yakavuka kwenda Unguja. Tulihama vyumbani tukalala uani, nyumba kadhaa pamoja, moto umewashwa, wanaume wanakesha kwa zamu. Asubuhi kila mtu ana habari: kaingia kwa fulani, kaingia kwa fulani. Unguja mjini watu walimuua mtu mwenye maradhi ya akili kwa kumdhania ndiye. Mwaka huo huo, Oktoba, ulikuwa wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo ule urudishwe, na wako waliosema popobawa katumwa na wanasiasa. Kila mtu alikuwa na wake wa kumsingizia.

Lakini nataka kusema jambo ambalo hamulitaji. Ilikuwa inasemwa kwamba aliyejiwa lazima aseme, asiposema atarudiwa. Na alichofanyiwa ni kitu ambacho mwanamme hawezi kukitamka mbele za watu, seuze mwanamke. Basi walisema. Wanaume wenye ndevu zao walisimama wakasema nimeingiliwa. Siku nyengine zote mwanamke akiingiliwa kwa nguvu huambiwa afunge mdomo, asiutie ukoo aibu, na anayemwambia hivyo ni mama yake mzazi. Wakati ule, kwa muda mfupi, kunyamaza ndiyo ikawa khatari. Jini akishafanya hivyo, mtu hana kosa.

Miye nimesikia masimulizi mengi ya popobawa na yote yanahangaika na mbawa na harufu. Hilo la kusema silioni. Mwandishi anayependa giza, giza liko hapo. Na sitaki anieleze kama alikuwepo au hakuwepo.

Ustadhi (Mkoani)

Bi mkubwa, shkamoo. Maneno yako ni mazito na sina la kuyapinga. Ila ukweli wako unanipa mimi nguvu kuliko mtoa mada. Kitabu chenye mambo hayo utampa mtoto wa miaka 12? Suala lililoletwa ni maktaba za skuli. Watu wazima wasome watakalo, hesabu yao iko kwa Mola wao. Mimi nazungumzia mtoto ambaye hajaweza kutenganisha.

Mama (Micheweni)

Marahaba mwanangu. Watoto wa miaka 12 walikuwa wamelala na sisi uani. Walisikia yote.

Mtoa mada (Unguja Mjini)

Nimesoma. Nijibu matatu, moja kwa haraka: muuguzi, nakubaliana nawe bila ya ubishi, na naongeza kwamba yule daktari wa kutikisa kichwa ni uvivu wa mwandishi. Amekosa njia ya kuifikisha hadithi anakotaka.

Kwa mwalimu: sikuweka sharti la kumvua jini nguo, ila nakiri *Babu Alipofufuka* ni kesi nzuri dhidi yangu. Hata hivyo tazama yule babu anafanya kazi gani. Anamlazimisha mkubwa atazame. Kwenye simulizi za vipande jini anafanya kinyume chake: anamwondolea kila mtu kesi. Mume kapoteza mali kwenye kamari, kumbe jini. Mjomba kamdhulumu yatima, kumbe karogwa. Mimi kipimo changu kiko hapo. Jini akiingia ili mtu ahojiwe, karibu. Akiingia ili mtu aachiwe, huyo ni wakili na alipwe na aliyemwita.

Na kwa bi mkubwa wa Micheweni, ambaye amenishughulisha kuliko nyote. Swali linalonijia ni hili: kama Bwana Msa angeletwa mwaka 1995, angeanzia wapi? Mimi naona angeliacha lile la mbawa kama lilivyo. Angekwenda pale alipouliwa yule mgonjwa, akauliza nani wa kwanza aliyepiga ukelele "ndiye huyu". Jibu lipo, maana ukelele una mwenyewe. Riwaya hiyo ningeinunua leo. Ingekuwa na usiku wote mnaoutaka, khofu yote, na popobawa angebaki kama alivyo, hajathibitishwa wala hajakanushwa, huku muuaji anajulikana.

Mama (Micheweni)

Mwanangu, aliyepiga ukelele huenda yupo hai na ana wajukuu. Mwandishi atakayemwandika atakutana naye msikitini. Mnadhani kwa nini wanapenda kuandika majini? Jini hana jamaa wa kumjia mtu mlangoni.

Msomaji (Dar es Salaam)

Hapo mama umenipata. Basi abadilishe majina na mtaa.

Mama (Micheweni)

Visiwa hivi vidogo. Ukibadilisha mtaa, watu wanakubadilishia wenyewe mpaka ufike kwao.

Mwalimu (Wete)

Nirudi kwenye maktaba kabla hatujapotea. Kamati ya skuli yetu inakaa mwezi ujao na suala hili limo. Nitasema Mohamed Said Abdulla na Said Ahmed Mohamed wabaki kwenye rafu, vitabu vya yule wa kwanza kwa madarasa ya chini, cha yule wa pili kwa wakubwa. Kuhusu simulizi za kwenye simu, skuli haina rafu ya kuziondolea, ziko mifukoni mwao. Kwa hizo nafikiria kitu chengine: wanafunzi wachague moja, waisome darasani kwa sauti, kisha waiandike upya kuanzia pale daktari anapotikisa kichwa. Dada muuguzi, ukipata nafasi njoo siku hiyo, uwaambie daktari angeona nini.

Ustadhi (Mkoani)

Kusomwa kwa sauti darasani bado napinga. Kuandikwa upya sipingi. Nitumieni siku, nami nije niwasomeshe ile aya ya 102 yote, maana wengi wanaishia nusu.