MJADALA: Mtalii alipe euro 5 kuingia Notre-Dame?

Mleta mada
Oktoba 2024, kanisa kuu la Notre-Dame la Paris likikaribia kufunguliwa baada ya moto wa Aprili 2019, aliyekuwa waziri wa utamaduni wa Ufaransa, Rachida Dati, alipendekeza watalii watozwe euro 5 na waumini waingie bure. Alikadiria euro milioni 75 kwa mwaka za kuokoa makanisa ya kale. Jimbo kuu la Paris likapinga. Karibuni.

Jiwe la Pembeni
Naunga mkono. Notre-Dame ilichangiwa karibu euro milioni 846 kwa sababu iliungua dunia ikiangalia. Makanisa mengine yanaliwa kimyakimya: maji yanapenya kwenye maungio, vibanio vya chuma vilivyofukiwa ndani ya mawe vinashika kutu, vinavimba, jiwe la chokaa linapasuka. Kazi hiyo haiishi. Kanisa kuu la Canterbury kule Uingereza wanatoza, anayekuja ibadani halipi, na ibada zinaendelea kama kawaida.

Wakili wa Bure
Mkuu, Canterbury haifanani na hii. Kanisa lile lina uzio na geti lake, na halitegemei ruzuku ya kudumu ya serikali. Notre-Dame ni mali ya dola, Kanisa Katoliki limepewa kulitumia tu. Sheria ya Ufaransa ya 1905 ya kutenganisha dini na dola, kifungu cha 17, inakataza kutoza kiingilio kwa matembezi ya majengo haya. Kinachoruhusiwa ni ada ya sehemu maalumu, tena kwa ridhaa ya kanisa. Waziri hawezi kupindua hilo kwa waraka, lazima bunge.

Mhesabu Foleni
Na hiyo milioni 75 igawanye kwa 5: watu milioni 15 wanaolipa. Kabla ya moto walikuwa kama milioni 12, waumini wakiwemo! Chukua watu 35,000 kwa siku, saa 11 za kufungua: kama 53 kwa dakika. Kukagua tiketi moja kukichukua sekunde 5, geti moja linapitisha 12. Unahitaji mageti matano hata kwa siku ya mwendo wa wastani, na akitokea mmoja simu imezima, foleni inaganda. Watu wanaingilia mlango wa kati wa magharibi, wanapanda upande wa kaskazini, wanarudi kwa kusini. Hayo mageti utayaweka wapi? Uwanjani, kwenye mvua?

Jiwe la Pembeni
Si tayari kuna nafasi za kuwekea mtandaoni? Mashine ya kusoma msimbo inatosha.

Mhesabu Foleni
Nafasi hizo ni za hiari na ni bure. Asiye nayo anapanga foleni ya kawaida. Ukiona tovuti inakuuzia "tiketi ya kuingia Notre-Dame", kimbia. Kinacholipiwa ni hazina ya vyombo vitakatifu na minara. Minara ilifunguliwa tena Septemba 2025 kwa euro 16, ngazi 424, na hiyo unaweka nafasi mapema.

Wakili wa Bure
Na pesa ya minara inakwenda taasisi ya serikali inayosimamia majumba ya kale. Yaani mtalii mwenye uwezo ameshalipishwa, bila kumsimamisha mlangoni bibi aliyekuja na rozari yake na kumhoji kama kweli anasali.

Jiwe la Pembeni
Sawa, lakini anayepanda minara ni mmoja kati ya wengi. Huko vijijini paa za makanisa zinavuja leo.