Naomba ushauri: nikahi Lamu kwanza au niende Uingereza kama mchumba?

Assalam aleikum ndugu zangu. Niko Langoni, Lamu. Mchumba wangu anaishi Leicester na ana ukaazi wa kudumu. Posa imeshaletwa, mahari yamekubaliwa, kilichobaki ni njia ya kwenda.

Yeye ataka niombe viza ya mchumba. Hiyo ni ya miezi 6, lazima tuoane ndani ya muda huo, na hairuhusiwi kufanya kazi. Baadaye tuombe tena, tulipe tena. Baba naye amekataa kabisa: binti haondoki kwao bila nikahi. Nami kwa kweli niko upande wa baba. Tukioana hapa, tukapata cheti cha ndoa kwa kadhi, naomba kama mke, napewa miezi 33 na kazi naruhusiwa.

Kipato chake kinapita pauni 29,000 kwa mwaka wanazotaka watu wa viza wa Uingereza. Mtihani wa Kiingereza wa A1 (ngazi ya chini kabisa) na kipimo cha kifua kikuu Nairobi sina wasiwasi navyo.

Kinachoninyima usingizi ni majina. Cheti cha kuzaliwa chasema Mwanaisha, kitambulisho na pasipoti zasema Aisha. Nifanye kiapo kwa wakili tu, au nibadilishe cheti kabla kadhi hajaandika chake?

Pia, picha na jumbe zetu za simu tuzipange vipi ili waamini uhusiano wetu? Aliyepitia haya akitokea pwani, tafadhali anieleze. Mashangazi wameanza kuuliza tarehe ya harusi.