Mjadala: Mfamasia akikataa kutoa kidonge cha dharura, mzigo aubebe nani?

Binti wa Kisauni

Hamjambo ndugu zangu. Huu ni mwaka wangu wa saba kwenye kaunta ya famasi huku Minnesota. Si mfamasia, mimi ni msaidizi tu: napokea vyeti vya dawa, napiga simu kwa madaktari, naita majina dawa zikiwa tayari. Kuna jambo limenikaa rohoni na naomba tulizungumze kwa uwazi. Mfamasia akikataa kutoa dawa ya dharura ya kuzuia mimba kwa sababu ya imani yake, sheria imsimamie nani?

Nianze na kisa cha jimbo letu kilichofika mahakamani. Januari 2019, mama mmoja wa watoto watano, mkazi wa McGregor, mji mdogo sana kaskazini, kondomu ilimpasukia. Daktari akamwandikia ella, mojawapo ya dawa hizo za dharura. Mfamasia wa hapo mjini akamwambia imani yake haimruhusu kuitoa. Akajaribu duka la mji wa jirani, nako akakwama. Mwisho akaendesha gari hadi Brainerd kwenye dhoruba ya theluji, safari ya karibu maili 100 kwenda na kurudi. Alishtaki. Agosti 2022 baraza la wazee wa mahakama (jury) likasema hakubaguliwa kwa jinsia yake, ila likakubali kwamba aliumia moyoni na kukadiria maumivu hayo kuwa dola 25,000. Machi 2024 Mahakama ya Rufaa ya Minnesota ikaona kwamba duka kukataa kutoa dawa hiyo kunaweza kuwa ubaguzi wa kijinsia, na ikarudisha suala hilo likasikilizwe upya.

Kwa mnaosoma mkiwa nyumbani, tunaongelea dawa za aina ile ile mnayoiita P2. Ile ya levonorgestrel, miligramu 1.5, inamezwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nafasi. Hapa Marekani inauzwa bila cheti wala masharti ya umri tangu Juni 2013, baada ya Jaji Edward Korman wa New York kuibana serikali. Ella inafanya kazi hadi saa 120, na wanawake wenye uzito mkubwa mara nyingi hushauriwa hiyo kwa kuwa ile nyingine huweza kupungua nguvu kwao. Lakini ella haitoki bila cheti cha daktari. Kwa hiyo lazima ipite mikononi mwa mfamasia, na hapo ndipo ugomvi ulipo.

Majimbo hayafanani kabisa. Mississippi walipitisha sheria mwaka 2004 inayomlinda mhudumu wa afya hata akikataa kumshauri mgonjwa au kumwelekeza kwingine. South Dakota walitangulia mwaka 1998 kwa sheria iliyowataja wafamasia wenyewe. Idaho wakafuata mwaka 2010. Upande wa pili, New Jersey na Washington tangu 2007 wanalitaka duka lihakikishe mteja amepata dawa yake.

Msimamo wangu sitauficha: sheria iliyo kama ya Mississippi inamwacha mwanamke nje kwenye baridi. Karibuni.

Mzee Salim, Columbus

Wanangu, mimi naona tunalikuza hili. Mwislamu mwenye duka haulizwi kwa nini hauzi bia. Kila mtu anajua, anakwenda duka la pili, yameisha. Mfamasia naye ni mtu, ana Mola wake. Mnataka serikali ishike mkono wa mtu imlazimishe?

Mfamasia wa Houston

Shikamoo Mzee, umenitangulia. Dada, mimi nina leseni kwa miaka 14 na ni Mkatoliki. Sijawahi kumtolea mtu ella. Sijawahi pia kumtukana mtu wala kumhubiria kaunta. Nasema haya kwa sababu watu wakisikia "mfamasia aliyekataa" wanaona picha ya mtu mkali aliyekunja uso.

Chama cha wafamasia cha nchi hii kilipitisha msimamo mwaka 1998 unaotambua haki yetu ya kukataa, na papo hapo kikataka uwepo utaratibu wa kumfikishia mgonjwa dawa yake. Mimi naishi ndani ya msimamo huo.

Kuhusu sayansi, tusidanganyane. Levonorgestrel nakubali: Desemba 2022 mamlaka ya dawa, FDA, ilibadilisha maelezo ya Plan B One-Step, jina la kibiashara la dawa hiyo, na kueleza kwamba inazuia yai kutoka na haizuii lililorutubishwa kujishikiza. Wenzangu wengi wa imani yangu hawajasoma badiliko hilo, na ni vyema walisome. Lakini maelezo ya ella bado yanataja kwamba mabadiliko kwenye ukuta wa mji wa mimba huenda yakachangia. Kwenu huenda hilo ni dogo. Kwa mtu anayeamini uhai unaanza pale yai linaporutubishwa, si dogo hata kidogo.

Na sheria za kulazimisha nazo zina makosa yake. Illinois, Gavana Rod Blagojevich alitoa amri mwaka 2005 kwamba maduka yatoe bila kuchelewa. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya jimbo ikawapa ushindi wenye maduka waliopinga. Kule Olympia, Washington, familia ya Stormans waliandamwa miaka na miaka kwa sababu famasi iliyo ndani ya duka lao la vyakula ilikataa kuuza dawa hizi, wakati ndani ya maili tano palikuwa na famasi zaidi ya 30 zinazouza kitu hicho hicho. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokataa kuwasikiliza Juni 2016, Jaji Alito alipinga, akiungwa mkono na majaji wenzake Roberts na Thomas. Nani aliumia Olympia?

Mama Baraka

Kaka, nimekusoma kwa heshima na nakushukuru kwa uliyosema kuhusu Plan B. Mimi ni muuguzi wa chumba cha dharura, mashariki ya Washington, upande wa mashamba. Olympia siyo jimbo zima. Huku kwetu ukitoka duka moja la dawa unaweza kupita matofaa na ngano tu kabla ya kuona lingine.

Mzee wangu Salim, shikamoo. Bia haina saa. Anayekosa bia leo ataipata kesho na mwili wake utakuwa ule ule. Hii dawa inafanya kazi kwa kulichelewesha yai. Yai likishatoka, levonorgestrel haina la kufanya tena. Ndiyo maana nasema anayemwambia mwanamke "jaribu kwingine" hajakaa pembeni ya jambo. Saa alizomlia ndizo dawa yenyewe.

Tena watu hawaijui vizuri kanuni yetu ya Washington. Haimlazimishi mfamasia mmoja mmoja. Mwenye pingamizi anaweza kumwachia mwenzake aliye zamu naye amhudumie mteja. Linalobanwa ni duka: dawa itoke, kwa wakati. Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa, ya serikali kuu, iliikubali kanuni hiyo Julai 2015. Na hospitali zetu, kwa sheria ya 2002, ni lazima zimpe dawa hii mwanamke aliyebakwa akiitaka. Nimewapa kwa mikono yangu. Sitasimulia zaidi ya hapo.

Asiyetaka jina

Mimi ilinitokea 2021, jimbo la kusini, Jumapili. Nilikuwa na cheti mkononi. Mwanamume aliyekuwa kaunta hakuniambia anakataa. Aliniambia "hatuna". Nikazunguka mjini mchana kutwa. Wiki mbili baadaye rafiki yangu anayefanya usafi pale akaniambia maboksi yalikuwepo. Mtoto wangu ninampenda na sijutii kuwa naye, lakini ile siku siisahau. Angeniambia ukweli tu, ningejua nikimbilie wapi asubuhi ile ile.

Mfamasia wa Houston

Pole sana dada yangu. Huyo hakutumia dhamiri, alisema uongo, na kwangu hilo ni la kupelekwa Bodi ya Famasi. Anayekataa kwa imani anasema waziwazi kwamba anakataa, na anarudisha cheti cha mtu mkononi mwake. Wisconsin, mfamasia aliyekataa kutoa vidonge vya kawaida vya uzazi wa mpango na kisha akakataa hata kuhamisha cheti kwenda duka lingine aliadhibiwa na bodi mwaka 2005, na mahakama ya rufaa haikumwokoa. Ilikuwa haki. Cheti si mali yetu.

Mzee Salim, Columbus

Hilo la saa sikulifikiria, Mama Baraka. Na la huyu binti limenigusa. Hata hivyo nauliza: mtu mwenye duka lake mwenyewe, peke yake, yeye ndiye duka. Ukisema "duka libanwe" si umembana yeye?

Binti wa Kisauni

Mzee wangu, umeuliza swali lililo gumu kuliko yote, na jibu langu huenda lisikupendeze. Ndiyo, anabanwa. Duka la dawa si kama duka la mtaani. Serikali imempa leseni, na sheria imesema dawa za cheti kama ella haziruhusiwi kutoka popote ila kwake. Mimi siwezi kufungua kibanda pembeni nikauza ella. Mama wa McGregor hakuweza kuinunua kituo cha mafuta. Ukishafungiwa njia zote ukaachiwa mlango mmoja, anayeshika ufunguo ana deni kwako ambalo muuza bia hana.

Lakini sitaki kaka yangu wa Houston afukuzwe kazi. Nakuuliza, kaka, kwa nia njema. Saa nne usiku, uko peke yako zamu. Dada anaingia na cheti, amebakiwa na saa chache. Unafanya nini?

Mfamasia wa Houston

Nampigia mwenzangu wa famasi iliyo karibu, nahakikisha dawa ipo, nahamisha cheti, namwambia dada aende anasubiriwa. Nimeshafanya hivyo.

Binti wa Kisauni

Na kama hakuna famasi ya karibu? Kama ni McGregor na theluji inaanguka?

Mfamasia wa Houston

Nimekaa na swali hili tangu jana. Dada, sitakudanganya: kwa hapo sina jibu. Ninachoweza kukuambia ni kwamba niliwahi kupewa kazi mji mdogo, mshahara mzuri kuliko ninaoupata sasa, na nikaukataa. Nilijua ningekuwa peke yangu. Hapa Houston daima kuna mtu wa pili, na kama si ndani ya duka letu, basi ng'ambo ya barabara.

Binti wa Kisauni

Basi ulichokifanya wewe kwa hiari yako ndicho ninachotaka kiandikwe. California sheria yao imekaribia hapo: mfamasia mwenye pingamizi amjulishe mwajiri mapema kwa maandishi, na mwajiri aweke utaratibu wa kumpatia mgonjwa dawa kwa wakati. Mimi naongeza kwamba aliyejulisha asipangwe zamu ya peke yake, na duka lililo pekee mjini lisiruhusiwe kukaa bila mtu wa kuitoa. Gharama ya mtu wa pili ni ya mwajiri na si ya mgonjwa.

Mama Baraka

Mwajiri atalia kwamba famasi za vijijini zinafungwa kila mwaka na hana hela ya mtu wa pili. Kilio hicho kina ukweli, tujiandae nacho. Ila mimi nitamjibu kwamba aajiri mmoja anayeweza kufanya kazi yote.

Binti wa Kisauni

Naomba mlio Mississippi, Arkansas na Idaho mchangie, hasa mnaoishi mbali na miji. Famasi yenu ya karibu iko maili ngapi? Jumapili inafunguliwa? Mmewahi kuuliza kama wanaweka ella?