Moser na rekodi ya saa 1984: magurudumu au damu?

Spoki36: Wakuu, naomba ufafanuzi. Eddy Merckx aliendesha baiskeli kilomita 49.431 kwa saa moja, Mexico City, 1972, ikawa rekodi. Miaka 11 hakuna aliyeigusa. Januari 1984 Francesco Moser, miaka 32 tayari, anaivunja mara mbili: 50.808 tarehe 19, 51.151 tarehe 23. Wengi wanasema ni hewa nyepesi ya kule juu. Inatosha? Na mbona UCI, shirikisho la dunia la baiskeli, walikuja kumwondoa kwenye rekodi?

FundiGia: Hewa haielezi kitu, mkuu. Wote wawili waliendesha Mexico City, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Angalia baiskeli. Ukifika kilomita 50 kwa saa, karibu nguvu yako yote inaliwa na upepo, na spoki zinauchapa upepo huo vibaya: zile za juu ya gurudumu zinakwenda mbele kwa kasi inayokaribia maradufu ya baiskeli yenyewe. Moser alitumia magurudumu bapa yasiyo na spoki, usukani wa pembe na suti ya kubana. Magurudumu hayo yalikuwa mazito, ila uzito unauma wakati wa kuondoka tu. Mwendo ukishatulia hausikiki. Usifunge la mbele barabarani, upepo wa ubavuni utakunyang'anya usukani.

Gia haikuwa na maajabu: meno 57 mbele kwa 15 nyuma, Merckx 52 kwa 14. Gawanya uone gurudumu linazunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa pedali: 3.8 na 3.71.

Pwani_Pedali: Umeruka damu. Moser alikuwa na jopo la Profesa Conconi, mtaalamu wa sayansi ya michezo, na baadaye alikiri mwenyewe kwamba aliongezewa damu. Chembe nyekundu zikizidi, misuli inapata oksijeni zaidi, na kule juu ndiko oksijeni ilikuwa haba. Wakati ule haikuwa imepigwa marufuku. Nani atatenganisha mita za damu na mita za gurudumu? Mimi siwezi.

Mtu wa Pista: Kuhusu UCI: hawakumwondoa kwa sababu ya damu, ni baiskeli. Mwaka 2000 waliamua rekodi iwekwe kwa baiskeli ya aina ya Merckx (spoki na usukani wa kawaida), alama za Moser na waliomfuata zikahamishiwa orodha ya pembeni. Chris Boardman akampita Merckx kwa mita 10 tu, 49.441. Sheria zililegezwa 2014, Jens Voigt akatambuliwa kwa 51.110, yaani mita 41 pungufu ya Moser wa 1984! Kichekesho.

Spoki36: Asanteni. Na Giro d'Italia, mbio za wiki kadhaa za Italia, mwaka ule ule?

FundiGia: Magurudumu yale yale. Siku ya mwisho, Soave hadi Verona, kilomita 42 peke yako na saa, alimpokonya Laurent Fignon jezi ya waridi, ile ya kiongozi wa mbio. Fignon alilalamikia helikopta iliyoruka chini mno. Kabla ya hapo Moser alishachukua mbio za siku moja za Milano–Sanremo, Machi.

Mtu wa Pista: Ukitaka kulinganisha na Filippo Ganna, aliyeweka rekodi ya 56.792 pale Grenchen, Uswisi, 2022: meno 65 kwa 14. Kwa gurudumu lenye mzingo wa mita 2.1 ni mizunguko kama 97 ya pedali kwa dakika.