Mnaomba mchezo wa historia, kumbe mnataka ngoma ya chatu?

Wakuu, mods naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa matamasha kwa ujumla. Hapa nina donge langu.

Mimi ni mlezi wa kikundi cha maigizo hapa Mwanza, wanafunzi wa sekondari wamechanganyika na vijana wa mtaani. Kamati moja ya tamasha (siitaji, wanajijua) ikatuletea barua: andaeni mchezo wa kihistoria wa Kanda ya Ziwa. Vijana wakachagua pamba. Wamechagua wao, siyo mimi, maana babu zao wamelima pamba Magu, Kwimba na Misungwi, na visa vya mizani wamevisikia nyumbani.

Kwa asiyejua: enzi za mkoloni mkulima alipeleka pamba kwa mnunuzi, mizani ya mnunuzi, na anayeisoma karani wa mnunuzi. Watu wakachoka kupunjwa. Wakaanza kuweka watu wao wa kuhakiki uzito, vikazaliwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Shirikisho la Victoria, Paul Bomani akiwa mstari wa mbele. Huyo huyo ambaye baada ya uhuru akawa waziri wa fedha. Sasa mchezo upi mnautaka zaidi ya huo? Mwizi yupo, aliyeibiwa yupo, mizani ipo katikati ya jukwaa!

Na vijana walikuwa wameuiva. Karani wetu haongei sana. Gunia likishaning'inizwa anasogea, anachomeka goti chini yake kama mtu anayejikuna, uzito unashuka, anaandika. Halafu mama aliyeleta pamba nyeupe pee, ameichambua usiku kucha, anaambiwa, "Fifi!" Daraja la pili, hela pungufu, ondoka. Mazoezini tulikuwa tunafanya nje, wapita njia wanasimama. Mzee mmoja alimporomoshea karani matusi ya Kisukuma mpaka dogo akasahau maneno yake.

Siku yenyewe sasa. Mgeni rasmi kachelewa, hotuba juu ya hotuba, kila mwenye suti anapewa kipaza sauti. Zamu yetu ilipofika tukaambiwa tuna dakika kumi. Mchezo wa saa nzima! Halafu jamaa wa ratiba akaniinamia: "Mwalimu, hiyo ya ushirika itoe, inanuka siasa. Wekeni ngoma, wageni wanapenda chatu." Chatu tumtoe wapi?

Msinielewe vibaya. Ngoma ya chatu siidharau hata kidogo. Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya wacheza ngoma wa Kisukuma, wana historia ndefu ya kushindana kwa ngoma na dawa, nayo peke yake inatosha mchezo mzima. Anayetaka kuiona ikichezwa na wenyewe aende makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, pale Kisesa, wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma. Ninachokataa ni kuifanya kiraka cha kuziba pale mlipoikimbia historia mliyoiomba wenyewe kwa barua yenye mhuri.

Mashuleni nako ni yale yale. Ukiomba mchezo wa historia unaambiwa chukueni tamthilia ya Kinjeketile. Ni kazi kubwa, Ebrahim Hussein hana mpinzani pale, lakini Majimaji ya 1905 hadi 1907 ilipiganwa kusini. Mtoto wa Sengerema atafikisha kidato cha nne anajua maji ya dawa ya Kinjeketile kule Ngarambe kuliko kinu cha pamba alichofanyia kazi babu yake. Tukiandika wenyewe, tunaambiwa inanuka siasa. Kupunjwa kwenye mizani kumekuwa siasa lini? Au kuna watu bado wana goti chini ya gunia?

Nauli za vijana tulizoahidiwa hadi leo ni njoo kesho. Walichoambulia ni soda ya moto.

Mchezo tunao, mzima, haujakatwa. Mwenye ukumbi au hata uwanja wa shule kuanzia Nyakato, Igoma hadi Kisesa, aje PM. Umeme siyo lazima, tutacheza saa kumi jioni. Hotuba hatutaki.