Ameweka kikombe cha chai ya moto juu ya CD ya marehemu baba yangu

BintiDereva

Mikono bado inatetemeka, mnisamehe nikikosea herufi. Niko ndani ya teksi, nimebanwa kati ya dirisha na mkungu wa matoke, na siwezi kungoja mpaka nifike Kisenyi.

Yule bwana muuza redio na deki za kuchezea CD mnamjua. Wa ghorofa ya pili, miwani imefungwa uzi, anakaa nyuma ya kaunta kama kadhi anayengoja talaka. Jina sitaji, halina haja. Mtu yeyote aliyewahi kutafuta redio Kampala hii amewahi kutukanwa na yule mtu, na kama bado hajakutukana basi hujafika mjini.

Leo ameweka kikombe cha chai juu ya CD yangu. Chai ya maziwa. Inafuka moshi.

Baba alikuwa dereva wa malori, Mombasa hadi Goma, miaka ishirini na kitu. Kila safari alirudi na CD moja, taarabu akitoka pwani, rumba akitoka Kongo. Alipofariki aliacha sanduku zima na deki iliyokufa kabla yake. Tangu Ramadhani nimekuwa nikiweka pesa kidogo kidogo, zimefika laki nne na nusu. Si pesa ya kununua mashine ya tajiri, lakini ni pesa ya kununua deki nzuri iliyotumika, yenye trei inayofunguka bila kupigwa ngumi na lenzi ambayo bado inaona.

Nikaenda na CD moja ya kujaribia. Nilichagua ile ndefu kuliko zote, inapita dakika sabini, kwa sababu CD husomwa kuanzia ndani kwenda nje. Deki iliyochoka inaweza kukuimbia nyimbo tatu za kwanza vizuri kabisa, unalipa, unafika nyumbani, wimbo wa mwisho unaruka kama mbuzi. Muuzaji siku zote anakuchezea wimbo wa kwanza. Mimi nilitaka wa mwisho.

Nikaitoa kwenye kasha, nikaishika pembeni kwa vidole viwili, nikampa. Akaipokea kama anavyopokea chapati, kidole gumba katikati. Akailaza kwenye kaunta. Akachukua kikombe chake. Akakiweka juu.

Nilipiga kelele mpaka mwenye duka la viatu upande wa pili akatoka. Unajua alinijibu nini? "Tulia binti, muziki uko upande wa chini." Mbele ya wateja sita! Na wote wakacheka! Halafu, badala ya kukiinua kikombe, AKAKIBURUTA. Kikombe cha udongo, kitako kikavu kama msasa, akakiburuta kutoka katikati hadi ukingoni.

Muziki hauko chini! Miaka yote anauza deki hajui hilo? Leza inapiga kutoka chini, ndiyo, lakini inapita ndani ya plastiki yote, milimita 1.2, mpaka ifike kwenye utando wa alumini ulio JUU. Na juu ya utando huo hakuna kitu isipokuwa vanishi nyembamba na wino wa maandishi. Chini ukikwaruza kidogo, unaweza kusugua kwa dawa ya meno ukapona, maana plastiki ni nene. Juu ukikwaruza umekwangua muziki wenyewe. Nimeinyanyua hapa dirishani naona kitobo cha mwanga kama ncha ya sindano. Jana hakikuwepo.

Na hiyo deki aliyotaka kuniuzia kwa laki tatu na nusu? Imetoka Japani, inang'aa, nzuri kwa macho. Nikaigeuza nyuma: volti 100. Nikamuuliza transfoma ya kushusha umeme iko wapi. Akasema, "Chomeka tu, umeme wetu wenyewe dhaifu." Volti 240 ndani ya mashine ya 100! Anauza moto yule, si deki. Hata hapo ningemsamehe, wallahi. Lakini kikombe. Juu ya CD ya baba.

KijanaWaArua

Nimefungua uzi mbio nikidhani kuna mtu amechomwa chai usoni. Kumbe ni CD. 😂😂

MzeeWaBombo

Pole sana binti yangu. Huyo bwana namjua. Mimi aliniuzia ya volti 100 hiyohiyo, labda ni ndugu yake, na maneno hayohayo ya umeme dhaifu. Niliichomeka siku ya maulidi, nyumba imejaa wageni. Ilisema "tii", ikatoa moshi mweupe, shehe akakatisha dua. Nilipoirudisha akanitazama juu ya miwani akasema, "Mzee, wewe ulikuwa na umeme mwingi."

BintiDereva

Asante mzee wangu. Sasa fikiria mtu huyo ndiye aliyeburuta kikombe.

DadaSaluni

Lakini jamani, nani bado anasikiliza CD? Peleka kwa vijana wakutolee nyimbo zote kwenye flashi, elfu kumi, umemaliza. Flashi hata ukimwagia chai unafuta tu.

BintiDereva

Dada yangu, wale vijana wanazibana nyimbo mpaka sauti ya besi inabaki kama kopo. Na flashi haina mwandiko wa baba. Kwenye kila kasha aliandika kwa kalamu mji alioinunulia na tarehe. Hiyo aliyoiwekea kikombe imeandikwa Malaba, pale mpakani alipolala foleni siku tatu.

FundiKatwe

Hapa nitasema ukweli mnichukie. Binti ana haki juu ya upande wa juu wa CD, yule bwana ni mjinga. Lakini kwa laki nne na nusu watu wanajisumbua bure kutafuta jina kubwa lililoandikwa mbele. Deki ya CD tangu Sony na Philips waitoe mwaka 1982 ni kitu kilekile: inasoma vipande vya sauti (sampuli) 44,100 kwa sekunde, kila kimoja biti 16. Kinachokufa ni lenzi, mkanda wa trei na mota. Hivyo ndivyo vya kukagua. Funga na ufungue trei mara kumi. Ikisitasita, mkanda umelegea, hiyo ni kazi ndogo. Weka CD ya kununuliwa, kisha weka ya kuchoma, yaani iliyonakiliwa kwenye kompyuta. Ikisoma ya kwanza ikakataa ya pili, lenzi inaelekea kuchoka, maana CD ya kuchoma hurudisha mwanga kidogo zaidi. Na tazama nyuma kama ina tundu la dijitali, la kutolea sauti ikiwa bado namba, liwe la mwanga au la waya wa koaksia. Ikiwa nalo, siku sehemu yake ya kugeuza namba ziwe sauti ikikuchosha unaongeza kiboksi cha nje, deki inabaki kusoma tu.

Tafuteni zilizotoka Uingereza. Volti zao zinaelewana na zetu na hata plagi ni ileile ya pini tatu nene.

Ila nasikia uchungu mnavyosema "mafundi" kwenye uzi huu.

KijanaWaArua

Hakuna aliyesema mafundi.

FundiKatwe

Mlikuwa mnaelekea huko.

MamaWaWatatu

Nitasema mimi basi! Kuna fundi, simtaji, mnamjua, ana kofia ya sufu hata jua likiwaka. Nilimpelekea redio yangu kubwa mwaka 2019. Kila nikienda ananiambia "kipuri kiko njiani." Kinatoka wapi hicho kipuri, kinatembea kwa miguu? Mwezi uliopita nimepita kwake naisikia redio YANGU inapiga, naijua sauti yake, amewawekea wateja waburudike wakisubiri!

DadaSaluni

Eeeh yule wa kofia! Ana pasi yangu!

MjombaMasaka

Ana feni yangu.

BintiDereva

Poleni, lakini turudi kidogo. Nimefika nyumbani. Nimeifuta CD kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, mstari ulionyooka, sijazungusha. Mkwaruzo uko palepale na kitobo kiko palepale. Na sina deki ya kuipimia! Sijui kama wimbo upo au umekwenda. Nimekaa nayo mkononi kama mtu aliyepokea barua na hajui kusoma. Yule mtu saa hizi anakunywa kikombe cha pili.

MjombaMasaka

Binti, kwani DVD ya kawaida haisomi CD? Inasoma. Nunua DVD ya laki moja, ubaki na laki tatu na nusu, ununue na mbuzi.

BintiDereva

Inasoma, mjomba, sikatai. Lakini nyingi hazina hata kioo cha namba mbele, bila TV hujui uko wimbo wa ngapi. Niwashe TV ili nisikilize taarabu?

MjombaMasaka

Mbuzi pia hana kioo cha namba na hajawahi kulalamikiwa.

KijanaWaArua

😂😂😂 Uzi umepata mwenyewe.

MzeeWaBombo

Binti, njoo Bombo Jumapili. Kwa mwanangu kuna deki inayosoma. Tutaiweka hiyo ya Malaba tusikie mpaka wimbo wa mwisho.

MamaWaWatatu

Mzee, huko Bombo unamjua mtu anayetengeneza redio kwa uaminifu? Mimi niko tayari kupanda teksi.

JiraniWaNdeeba

Nyote mna bahati, shida yenu ni sauti kukosekana. Mimi jirani yangu amenunua spika mbili kubwa kama kabati za nguo. Saa nane za usiku dari inamwaga vumbi kwenye chandarua. Nilimwendea kwa heshima nikamwambia, ndugu, nina mtoto mchanga. Akaniuliza kama mtoto anapenda wimbo gani.

DadaSaluni

Wa Ndeeba wote wako hivyo.

JiraniWaNdeeba

Samahani dada, wa Ndeeba wote vipi?

FundiKatwe

Spika kubwa hivyo kama zinapigwa na amplifaya ndogo zitaungua zenyewe. Amplifaya ikizidiwa inakata vilele vya mawimbi ya sauti, koili za spika ndogo za sauti za juu zinakufa kwanza. Vumilia miezi miwili.

JiraniWaNdeeba

Miezi miwili!

MjombaMasaka

Panya wanazimaliza upesi zaidi. Mimi walikula karatasi ya spika yangu mpaka ikabaki sumaku. Kuna dawa gani ya panya inayofanya kazi siku hizi? Ile ya pale sokoni wanainenepea.

MamaWaWatatu

Paka.

MjombaMasaka

Paka wangu anaogopa panya wa kwangu.

KijanaWaArua

Mwenye transfoma ya kushusha 240 iwe 100 anauzaje? Nimeletewa deki na shemeji kutoka Japani, nataka kuichomeka leo usiku.

FundiKatwe

USIICHOMEKE. Deki ya CD haili umeme mwingi, transfoma ya wati 100 inatosha na kubaki. Nitumie ujumbe.

DadaSaluni

Fundi, na pasi unatengeneza?